Taa ya Jumatatu

Picada Yacutinga, 18 Februari 1991

Zunilda, binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Mimi nipo. Mihogo imekubali mwaka huu. Kuku wa madoa ametotoa chini ya kitanda cha Baba yako Mkubwa na sijamtoa, maana chumba kile kina kimya sana sasa. Mwezi wa Desemba majirani walimaliza nami sala za siku tisa za marehemu, wakala mikate yote ya chipa, wakaondoka. Kesho yake nikajikuta nimechemsha maji ya mate, chai yetu ya kupokezana kwa mrija, ya watu wawili. Nikanywa zamu yangu, nikajaza yake, nikasubiri. Mwisho nikainywa na hiyo.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Anastacio, ndugu ya Baba yako Mkubwa, alikuja Jumamosi na watu wawili waliovaa buti mpya. Walipima kuanzia barabarani hadi kijitoni. Unajua shamba limeandikwa kwa jina lake tangu enzi za baba yao, na marehemu Crispín hakupenda kumsumbua ndugu yake kwa makaratasi. Anataka kupanda misonobari. Nyumba ataniachia. Mti wa Crispín, ule mmate mzee wa kijitoni, mti wa majani ya mate, tulioukuta msituni tulipokuja hapa vijana, hatauacha.

Nikamwambia, "Shemeji, mti mmoja tu."

Akasema, "Shemeji, msonobari haupendi kukaa kwenye kivuli cha mwenzake."

Nikamwomba angojee hadi misa ya Crispín ya kutimiza mwaka. Akacheka kwa upole, akasema tutaona. Ule upole wake ndio umenitisha.

Unakumbuka vile vitalu vya Baba Mkubwa nyuma ya jiko. Miaka yote alipanda mbegu za mti ule, na udongo ukamnyamazia. Matawi aliyachomeka ardhini, yakakauka. Wewe ulinieleza siku ya mazishi kwamba huko kazini kwenu mnakuza mimea ndani ya chupa, na kwamba mmate ni mojawapo. Sikuelewa vizuri, nilikuwa nalia. Ila nimechuma matunda yote yaliyoiva niliyoweza kuyafikia, nimeyafunga kwa kitambaa kibichi ndani ya kopo la maziwa, na nimempa Toribio, kondakta wa basi. Ameapa kwamba hatalikalia.

Nina ombi moja dogo. Jumatatu ni siku ya roho za marehemu, na mimi kila Jumatatu humwashia Crispín mshumaa. Huko kwenye chupa, Jumatatu, uwawekee hao watoto wa mti wake japo taa ndogo. Aione njia ya kufika walipo.

Mama yako Mkubwa,
Eduvigis


Corrientes, 11 Machi 1991

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Joto la huku linatuua, mto umejaa, na watu wa mtaani kwangu wanalala nje kwenye viti. Mama anakusalimu, naye anauliza kama unakula.

Kopo lilifika. Matunda ya juu yalikuwa yameanza kuchacha, ya chini ni mazima. Siku tatu nimekuwa nikipasua mbegu chini ya hadubini. Nikueleze nilichokiona, kwa sababu Baba Mkubwa angependa kukijua.

Tunda la mmate huiva na kuwa jeusi, mbegu ikawa ngumu kama jiwe, lakini mtoto aliye ndani bado hajaumbika. Hana mzizi, hana jani. Ni chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, na umbo lake, usicheke, ni umbo la moyo, kama mioyo ile wanayochora vijana kwenye miti. Hukaa hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi, na wengi hufia humo. Vitalu vya Baba Mkubwa havikuwa na kosa. Profesa Lezcano, mkubwa wangu, ametumia miaka akichunguza swali hilo moja: nini kinamzuia mtoto huyu asikue, na nini kitamwamsha.

Kwa hiyo tunamtoa kwenye mbegu kwa kibano na wembe, tunamlaza ndani ya chupa ndogo juu ya lishe inayotetemeka kama uji uliopoa, yenye sukari na chumvi anazohitaji. Kila kitu lazima kiwe safi. Nikipiga chafya, wamekufa.

Profesa amenipa rafu moja ndani ya kabati, hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo rafu ina kazi nyingine. Alisema, "Zunilda, hii siyo kazi ya ukoo." Nikamjibu ni mmate kama mimate mingine. Akanitazama juu ya miwani, akaenda zake.

Taa nimeiweka. Olegario, mwenzangu wa meza ya pili, aliiona akauliza, "Leo marehemu anasoma gazeti?" Nikamwambia akae na meza yake.

Ninachokuomba: mti usikatwe. Nikishindwa mwaka huu, nitahitaji matunda ya mwaka ujao. Mwambie Anastacio hivyo hivyo, kwamba watu wa chuo wanauhitaji.

Wako,
Zunilda


Picada Yacutinga, 21 Aprili 1991

Zunilda, binti yangu,

Nashukuru kwa barua, niliisoma mara nyingi. Mwambie mama yako ninakula. Pasaka ilipita salama. Mvua zilikuwa nyingi na barabara imekuwa tope jekundu tupu, basi limelala njiani mara mbili. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Nilimpelekea Anastacio maneno yako. Alisema, "Watu wa chuo? Na waje na buti." Tukaongea mengine.

Mguu wangu unaniuma, sijafika kijitoni siku hizi.

Hiyo habari ya moyo imekaa na mimi. Tunda limezeeka, na mtoto bado. Nilimweleza padri, akasema ni jambo zuri la kuhubiria. Nikamwambia padri, mimi sitaki lihubiriwe, mimi nataka likue. Crispín angecheka. Alipenda kucheka akiwa na mrija mdomoni, chai ya mate ikimwagikia shati, nami nikimfokea kama mtoto.

Niambie wamefika wapi. Wana mzizi? Na taa, bado unawawashia?

Eduvigis


Corrientes, 30 Juni 1991

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Baridi imeingia, maabara yetu haina joto na vidole vyangu vimepasuka. Mama alikuwa na homa, sasa ameamka. Usiku wa Mtakatifu Yohane vijana wa mtaani waliwasha moto mkubwa wakaruka juu yake, na Olegario akaunguza suruali aliyoazima.

Habari za watoto si nzuri, na sitaki kukudanganya. Chupa nyingi ziliota ukungu mwezi wa kwanza. Zilizobaki ni safi, lakini hakuna kinachosogea. Nimewatazama kila asubuhi. Ni mioyo vile vile kama nilivyoilaza. Hawajafa, kwa sababu wangekuwa kahawia. Hawakui tu. Nimebadilisha sukari, nimebadilisha kipimo cha dawa inayoita mizizi, nimewahamishia kwenye lishe mpya. Wanakaa.

Wiki iliyopita Profesa alifungua sanduku lake la watoto wa miti mingine. Sasa nimewahamishia wa kwetu mahali pengine. Usiniulize zaidi ya hapo kwa leo.

Profesa amekubali tujaribu njia ya pili: tawi bichi lenye macho ya kuchipua, tulikate vipande vidogo tuvilaze kwenye chupa. Mti mzee hukataa mara nyingi, lakini tujaribu. Nitumie tawi moja la mti wa Baba Mkubwa, lenye unene wa kalamu, ulifunge kwa karatasi yenye maji. Fanya haraka kabla baridi haijaunguza machipukizi. Mpe Toribio. Tafadhali, Mama Mkubwa, wiki hii hii.

Zunilda


Picada Yacutinga, 28 Julai 1991

Zunilda, binti yangu,

Mungu amjalie mama yako afya. Hapa baridi iligandisha umande, asubuhi uwanja wote ulikuwa mweupe na kuku walitembea kama wanaokanyaga moto. Nimetengeneza reviro, unga wa kukaanga, kila siku, na nimekula peke yangu.

Tawi sijatuma. Baridi imeunguza vitu vingi.

Nakutumia chipa na mfuko wa mate. Ni majani ya mti ule, Crispín aliyakausha mwenyewe mwaka jana juu ya moto wa jikoni. Ndiyo ya mwisho niliyo nayo. Usimpe kila mtu. Ukinywa, usiseme asante haraka, maana ukisema asante zamu yako imekwisha, na haya hayatarudi tena.

Barua yako imeniacha bila usingizi. Umewahamishia wapi? Kwa nini nisiulize? Sikuuliza mengi maishani, Zunilda. Hili nauliza, nawe ujibu kabla ya salamu: taa ya Jumatatu inawaka au haiwaki?

Eduvigis


Corrientes, 8 Septemba 1991

Mama Mkubwa,

Haiwaki. Umesema nijibu kabla ya salamu, nimejibu.

Shikamoo. Mama mzima.

Barua hii nimeichana mara kadhaa. Siku nilipoenda kituoni kuchukua chipa yako, Toribio alinipa mfuko, akavua kofia, akasema, "Pole kwa ule mti, dada. Magogo yalitupita barabarani siku zile za Pasaka." Nilisimama pale hadi basi likaondoka. Za Pasaka, Mama Mkubwa! Ulipoandika kwamba mguu unakuuma, mti ulikuwa umelala chini. Mimi nikakuomba tawi, nawe ukaniandikia habari za baridi. Kama ungeniambia siku ile ile, ningepanda basi nikachukua machipukizi kabla hayajakauka. Sasa kila kilichobaki cha mti ule kiko kwenye chupa zangu, na hicho nacho kimebaki kidogo.

Nilikasirika. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nimekuficha.

Watoto wa Profesa, wale wa miti mingine, walikuwa ndani ya sanduku lililofungwa karatasi nyeusi. Aliwaweka gizani miezi ile ile niliyowaweka wa kwetu kabatini. Alipofungua, walikuwa wamenyooka. Wana mizizi. Kinachowazuia ni mwanga. Mimea yote humu ndani inalilia taa, tuna rafu nzima za taa, nani angefikiri kwamba huyu mmoja, kabla hajaumbika, anataka giza?

Na kabatini kwetu kulikuwa na taa yako.

Ulisema Jumatatu. Nilianza na Jumatatu. Halafu nikaona roho yangu inatulia ninapofunga mlango wa maabara nikijua taa inawaka, kama vile Baba Mkubwa hajalala bado, ananisubiri nimalize kazi za shule, kama miaka ile mliponilea. Nikaiacha Jumanne. Nikaiacha siku zote. Kwa hiyo usijilaumu kwa mshumaa wa siku moja, mimi ndiye niliyewakesha.

Siku ile ya kufungua sanduku Profesa alikuta taa, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia. Sikuona aibu kama ile tangu nizaliwe. Akasema, "Zima, funga sanduku, na usifungue hata kwa kuchungulia. Mwishoni mwa Novemba tutaona kama wamevumilia."

Kwa hiyo wako gizani. Siwezi kukuambia kama wako hai. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Zunilda


Picada Yacutinga, 6 Oktoba 1991

Zunilda, mwanangu,

Salamu zako zimefika, na za mama yako. Mimi ni mzima, na mguu haujawahi kuniuma.

Walikuja Jumatano Kuu. Nilisikia msumeno nikiwa nafua. Nilienda na mikono yenye sabuni nikasimama mbele ya mti. Anastacio akanishika bega, akasema, "Eduvigis, toka, usije ukaumia." Sikumwona kama mtu mbaya. Alikuwa analia, unajua? Alilia, na akawaambia waendelee. Yeye na Crispín walicheza chini ya mti ule kabla hata ya mimi kuolewa, siku baba yao alipowaleta kuonyeshwa mpaka. Nikatoka. Ulipoanguka, ndege walizunguka juu ya mahali pale mchana kutwa, hawajui pa kutua.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Nilifikiri wale wakubwa wako wakijua mti haupo, watasema basi, chupa hizi za nini, tupa. Nikaona bora wafikiri mti upo. Habari ya tawi sikuijua. Kama ningejua kwamba tawi lina faida, ningelala juu ya gogo lile hadi uje.

Sasa kuhusu taa. Nilisoma barua yako nikaketi kitandani, nikakumbuka kitu ambacho sijui nilikisahau vipi. Crispín hakuwa akilala na taa. Mimi ndiye niliyeogopa giza, tangu utotoni, tangu mama yetu alipofariki usiku. Miaka yote ya ndoa yetu niliacha kibatari kinawaka, naye akajifunika uso kwa kofia yake ya majani, ile yenye tundu. Alikuwa akisema, "Vigis, zima hiyo, hata ng'ombe hulala gizani." Nami nilikuwa nikisema kesho. Hakukizima hata siku moja. Alijifunika tu.

Kwa hiyo taa ya Jumatatu haikuwa yake. Ilikuwa yangu, nikamtwisha yeye, kisha wewe, kisha wale watoto.

Usiku ule nilizima kibatari. Nililala nimeshika rozari kwa mikono miwili, lakini nililala. Toka hapo sijakiwasha. Nimefikiri kwamba kama wao wanaweza kukaa gizani hadi Novemba, na mimi nitakaa nao.

Usifungue sanduku. Hata ukinionea huruma, usifungue.

Eduvigis


Corrientes, 29 Novemba 1991

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, na joto limerudi.

Tulifungua leo asubuhi. Profesa alisimama nyuma yangu, na Olegario akaacha meza yake bila kuitwa. Nilishindwa kukata karatasi, Olegario akanipokonya wembe akasema, "Lete, wewe utamkata marehemu." Profesa akamkanya, kisha akacheka yeye mwenyewe.

Chupa ya kwanza, kahawia. Ya pili, kahawia. Nilitaka kuondoka. Karibu zote, Mama Mkubwa, zimekufa. Wengi walikesha kupita kiasi.

Mmoja amesimama.

Si moyo tena. Amerefuka, ana mzizi mweupe uliozama kwenye lishe, na juu yake majani mawili madogo yamefumbana kama viganja vya mtu anayesali. Ni mweupe wote, kwa kuwa hajaona mwanga. Niliinama kwenye meza nikalia, na hakuna aliyenitania.

Profesa amenikumbusha nikuambie ukweli: huyu si mti wa Baba Mkubwa. Ni mtoto wake, na baba yake ni mmate dume fulani wa msituni ambaye hatutamjua. Majani yake yanaweza kuwa na ladha nyingine. Na bado anaweza kufa akitoka chupani, wengi hufa hapo. Rafu nimeongezewa muda. Sikuomba. Alisema tu, "Iache hapo ilipo."

Kuna jambo moja zaidi. Akishaumbika hivi, giza halimfai tena. Kuanzia sasa anahitaji mwanga, kidogo kidogo, hadi awe wa kijani. Profesa aliniambia kazi ya kuwasha taa ni yangu. Nimesubiri barua yako kwanza.

Zunilda


Picada Yacutinga, 15 Desemba 1991

Zunilda, mwanangu,

Barua yako ilinikuta nikikamua. Nimemsomea ng'ombe, nimemsomea kuku, mwisho nikavaa viatu nikaenda kumsomea Anastacio. Alikuwa ameketi mlangoni kwake. Nilipofika pale pa majani yaliyofumbana akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Ataletwa lini?" Nikamwambia huenda asiletwe, huenda afe. Jana nimekuta kati ya jiko na kisima pamelimwa na kuzungushiwa vijiti, na misonobari yake miwili michanga iliyokuwa karibu imeng'olewa. Hakubisha hodi.

Wala sitauliza kama mtoto huyu ni mti ule ule. Ulikuja kwangu ukiwa mtoto wa mdogo wangu, hukufanana na mimi hata kucha, na sikuwahi kukupima kwa hilo. Kama majani yake yatakuwa machungu, tutaweka sukari.

Misa ya Crispín ya kutimiza mwaka imesomwa. Nilifika kanisani mapema, nikakaa upande wake wa benchi.

Washa, binti yangu. Mimi huku nitaendelea kulala gizani, nimezoea, na kofia yake yenye tundu nimeitundika kichwani pa kitanda. Wewe washa hiyo taa, na ianze siku ya Jumatatu. Mkumbuke Crispín kwanza, kisha unikumbuke na mimi.

Eduvigis